Njia ya mzunguko Vézelay, Ufaransa: vijiji vya kale na msitu kwa siku moja, tuanzie wapi?

Kipepeo77

Wakuu, habari za humu. Katikati ya mwezi wa sita tutakuwa Bourgogne, watu wanne: mimi, mume wangu na vijana wawili wa miaka 13 na 16. Kutembea tumezoea, kupanda milima hapana. Tunatafuta njia ya duara ya kilomita 15 hadi 18 eneo la Vézelay, ipite vijiji vya zamani na walau kipande cha msitu chenye kivuli. Kwenye ramani naona Asquins, Saint-Père, Pierre-Perthuis na Foissy-lès-Vézelay, ila sijui tuvipange vipi. Tuanzie wapi na tuzungukie upande gani? Zile alama za rangi kwenye miti zinasomwaje? Na bila gari inawezekana? Mume wangu hana hamu ya kuendesha upande wa kulia.

MguuNiponye

Karibu dada. Hivyo vijiji vinne pamoja na Vézelay vinaunganika vizuri, na mzunguko mzima ni kama kilomita 17.

Wengi huanzia Vézelay kwa sababu ndiko kwenye jina. Mimi nasema msianzie huko. Vézelay imekaa juu ya kilima cha mita 302, na mto Cure uko chini kabisa, kwenye mita 150 hivi. Mkianzia juu, asubuhi mnateremka miguu ikiwa mipya, halafu mwisho wa siku mnaupanda mlima wote jua likiwa kali na chupa zikiwa tupu. Anzieni Saint-Père, bondeni. Isitoshe, maegesho ya Vézelay ni ya kulipia na msimu wa watalii hujaa mapema.

Mpangilio uwe huu: Saint-Père, Pierre-Perthuis (km 4.5), Foissy (km 2.5), Vézelay (km 4.5), Asquins (km 2.5), kisha kurudi Saint-Père (km 3). Kwa mwendo wa kilomita 4 kwa saa na zile panda-shuka, tengeni saa 5 za kutembea tupu, na saa 2 nyingine za kula na kuangalia.

Kabla ya kuondoka, lizungukeni kanisa la Notre-Dame la Saint-Père, la karne ya 13 hadi ya 15, muwaone malaika wa mawe wanaopuliza tarumbeta kwenye kona za mnara. Kisha shikeni GR 13, njia ya masafa marefu yenye alama nyeupe na nyekundu, kwenda kusini. Si mbali na njia hiyo, kama kilomita 2 kutoka kijijini, kuna Fontaines Salées: visima vya maji ya chumvi vilivyojengewa kwa magogo ya mwaloni yaliyochongwa yakawa wazi katikati. Magogo hayo yana zaidi ya miaka 4,000, na yamekaa kwenye maji yale yale tangu yalipotiwa. Warumi walikuja baadaye wakajenga mabafu pembeni, misingi yake bado ipo. Kiingilio ni cha kulipia na majira ya baridi hufungwa.

Pierre-Perthuis ina madaraja mawili, moja juu ya jingine kwa kimo. La juu ni la magari. Teremkeni hadi la chini, la mawe, lenye mgongo, la karne ya 18. Ukisimama hapo ukaangalia juu ndipo unaona jinsi bonde lilivyokatwa. Hapa ndipo mnapovuka kutoka nchi ya mawe ya chokaa na kuingia ukingo wa Morvan, nchi ya graniti. Kwa mguu tofauti yake ni hii: kwenye chokaa udongo ni mfinyanzi, unaganda chini ya kiatu baada ya mvua, kwenye graniti majani yaliyolowa huteleza kama sabuni. Mialoni mingi na kivuli mnachokitaka viko kwenye kingo za bonde hili.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo watu wanapopotea. GR 13 haizunguki. Ikitoka Pierre-Perthuis inaendelea kusini, ndani ya Morvan. Mtu aliyezoea kufuata rangi nyeupe na nyekundu tangu asubuhi anaendelea kuifuata bila kufikiri, na baada ya saa moja yuko mbali na kila kitu. Ninyi iacheni pale pale kijijini, mshike magharibi kuelekea Foissy kwa ramani. Kutoka Foissy mnapinda kaskazini. Basilika, lile kanisa kubwa la Vézelay, mtaiona juu ya kilima kwa muda mrefu kabla ya kuifikia. Kipande hiki kiko wazi, mashamba na jua, kwa hiyo kofia ni lazima.

Chaza

Naongeza kuhusu alama.

Mstari mweupe juu ya mwekundu ni GR, njia za masafa marefu. Mstari mmoja wa njano ni PR, njia fupi za mtaa, nyingi zikiwa za duara. Njano na nyekundu ni GR de Pays, za kuzunguka eneo. Mistari ikiwa na kimshale au pembe chini yake, njia inapinda upande huo. Mistari ikikatana kama X, hiyo siyo njia yenu: rudini hadi alama ya mwisho mliyoiona. Msipoona alama yoyote kwa dakika kumi, au mkipita njia panda isiyo na alama, fanyeni vivyo hivyo, msiendelee kwa matumaini. Rangi ya chungwa ni ya farasi, na pembetatu yenye duara mbili ni ya baiskeli.

Vézelay ina mtego wake. Barabara inayopanda hadi kwenye basilika imepigiliwa kombe za shaba, alama ya mahujaji wa Santiago de Compostela, na nje ya mji mtakutana na kombe la njano kwenye kibao cha buluu. Linapendeza, lakini ni la mtu anayeanza safari ya kwenda Hispania kupitia Bourges au Nevers. Halitawarudisha Saint-Père.

Chukueni ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo 1:25,000, ambapo sentimita 4 ni kilomita 1. Kwenye simu, pakueni kipande hicho mapema kitumike bila mtandao, kwa sababu chini bondeni mawimbi hukatika.

Kuhusu gari: treni ya kanda inatoka Paris Bercy hadi stesheni ya Sermizelles-Vézelay, kama saa mbili na nusu. Ni Bercy, si Gare de Lyon. Zimepishana mwendo wa dakika kumi na kitu kwa miguu, na wapo wanaoachwa na treni kwa kosa hilo. Someni pia mwisho wa safari ulioandikwa kwenye behewa: reli inagawanyika Cravant-Bazarnes, tawi moja linakwenda Avallon, ndilo lenu, jingine Clamecy na Corbigny. Kutoka Sermizelles hadi Vézelay bado kuna kilomita 10. Mabasi ni machache na ratiba hufuata siku za shule, kwa hiyo angalieni mtandao wa usafiri wa mkoa, Mobigo, siku kadhaa kabla, au wekeni teksi ya Avallon jana yake. Kuja na kurudi Paris siku moja na mzunguko wote ndani yake sikushauri. Laleni Vézelay.

Mwalimu_Dachi

Mguu, nakubaliana na mpangilio wako ila kwa anayelala Vézelay hauna maana. Huyo ateremke Asquins asubuhi, apite Saint-Père na Pierre-Perthuis, arudi kwa Foissy. Mlima wa mwisho utakuwepo, sawa, lakini unapanda polepole kupitia mashambani, sio ule ukuta wa upande wa Asquins. Na saa moja asubuhi kijiji cha Vézelay ni chako peke yako; saa sita kimejaa mabasi.

MguuNiponye

Mwalimu, hapo una haki kwa mtu wa kulala. Lakini dada amesema katikati ya mwezi wa sita, na hilo linabadilisha hesabu. Karibu na tarehe 21 Juni, jua la utosi linapitia madirisha ya kusini ya basilika na kuangusha madoa ya mwanga chini, mstari mmoja ulionyooka katikati ya ukumbi, kutoka mlangoni kuelekea madhabahuni. Si saa sita kamili. Kwa sababu ya saa ya kiangazi na mahali Vézelay ilipo, jua linafika utosini saa nane kasorobo mchana, yaani 13.45 kwa saa zao. Ukianza Saint-Père saa mbili asubuhi, unafika Vézelay saa sita na nusu, unakula, unaingia kanisani kwa wakati. Ukianza Vézelay, saa hiyo uko porini. Siku chache kabla au baada ya tarehe hiyo madoa bado yamenyooka vya kutosha.

Kuleni kwanza. Jiko la mgahawa wa Kifaransa hufunga saa nane mchana, na baada ya hapo hupewi hata supu.

Kipepeo77

Asanteni sana, mmenifungua macho. Tutalala Vézelay usiku mmoja kabla, na kuhusu pa kuanzia tutafuata jua la Mguu: asubuhi tuteremke Saint-Père, kama kilomita 2, tuanzie hapo. Vijana wangu hawana subira na makanisa. Ndani waangalie nini kwa dakika ishirini? Na kuna hatari gani za kweli njiani?

Mwalimu_Dachi

Dakika ishirini zinatosha mkijua pa kutazama. Mkipita mlango wa nje mnaingia kwenye sebule ya kanisa, msikimbilie ndani. Juu ya mlango mkubwa wa kati kuna mchongo wa miaka ya 1120 au 1130 hivi: Kristo katikati, na chini yake mataifa ya mbali kama wachongaji wa karne ya 12 walivyoyadhania bila kuyaona. Kuna watu wenye masikio makubwa kama mabawa, na wafupi wanaompanda farasi kwa ngazi. Waambieni vijana waitafute ile ngazi. Ndani, upande wa kulia, kuna kichwa cha nguzo chenye kinu: Musa anamimina nafaka juu, Mtakatifu Paulo anakinga unga chini kwa mfuko.

Kuingia ni bure, ila wakati wa ibada hakuna kuzurura. Wamonaki wanasali humo kila siku.

Mkitoka kwenda Asquins msifuate lami. Shukeni kwa njia ya miguu inayopita La Cordelle, kikanisa kidogo kwenye mteremko wa kaskazini. Pasaka ya mwaka 1146, Bernard wa Clairvaux alihubiri Vita vya Pili vya Msalaba kwenye mteremko huo kwa sababu umati ulikuwa mkubwa mno kuingia kanisani. Njia ni ya mawe na imesimama, shikeni fimbo.

Bi_Zuhura

Hatari za kweli ni tatu, na hakuna hata moja yenye meno makubwa.

Ya kwanza ni kupe. Mwezi wa sita ndio wakati wao, wanakaa kwenye nyasi ndefu pembezoni mwa njia, si juu mitini. Suruali ndefu, ncha zake ndani ya soksi. Jioni kagueni nyuma ya magoti, kinena, kwapa na kwenye mstari wa nywele. Akiwa ameshika, mng'oeni kwa kile kindoano cha plastiki kinachouzwa duka la dawa lolote, kwa kuzungusha taratibu. Msimpake mafuta wala kumchoma: akibanwa hutema aliyo nayo tumboni ndani ya jeraha. Andikeni tarehe. Duara jekundu linalopanuka likitokea siku 3 hadi 30 baadaye, nendeni kwa daktari hata kama hakuna homa, maana ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe, hutibika vizuri ukiwahiwa.

Ya pili ni mto. Juu ya Pierre-Perthuis kuna mabwawa ya umeme, likiwemo Crescent, na yakifungulia maji Cure hupanda ghafla hata siku isiyo na wingu. Vibao vya onyo viko kando ya maji. Kulowesha miguu ukingoni sawa. Kwenda kula mkate juu ya jiwe katikati ya mto, hapana.

Ya tatu inawahusu watakaousoma uzi huu kwa ajili ya Oktoba au Novemba. Msimu wa kuwinda hufunguliwa Septemba hadi mwisho wa Februari, na wikendi ndiyo kuna misako ya nguruwe mwitu. Mkiona kibao "Chasse en cours" (uwindaji unaendelea), geuzeni njia. Vaeni rangi ya chungwa, ongeeni kwa sauti. Na mwezi wa Desemba jua linazama kabla ya saa kumi na moja jioni, kwa hiyo mzunguko mzima unabana.

Dharura ni 112. Mkishindwa kupiga, 114 hupokea ujumbe mfupi.

Maji: lita 2 kwa mtu, mjaze upya Vézelay. Bomba lililoandikwa "Eau non potable" si la kunywa hata kama maji yanang'aa. Chakula chukueni tangu mwanzo. Kati ya Saint-Père na Vézelay msitegemee kupata duka, na kama siku yenu ni Jumatatu, nunueni mkate Jumapili asubuhi, kwa sababu maduka mengi ya vijijini Jumatatu hayafungui kabisa.