Boksa, sita ya mstari, V8 ama tano ya Audi: gani inalia vizuri zaidi, na kwa nini?

MshaleMwekundu
Wasee mko aje. Natafuta gari ya wikendi, ya kazi tayari ninayo, na kusema ukweli kinachonivuta si spidi, ni mlio. Spidi utaitumia wapi hapa Nairobi, kutoka Roysambu mpaka Globe ni breki tu, lakini mlio unausikia hata ukiwa gia ya pili unatoka kwa raundabauti. Nimeweka macho kwa gari tatu: Subaru Forester SG ya tabo (ile feni inazungushwa na moshi, inasukuma hewa ndani ya injini) na gia za mkono, BMW E46 330i, na kuna jamaa anauza Audi S3. Mercedes C63 ile ya zamani ya V8 ndio ndoto lakini hiyo wacha ikae kando kwanza. Siulizi gani ina kelele kubwa. Nataka kujua ni nini hufanya injini moja ikipita lazima ugeuke uangalie, na ingine ina nguvu sawa na hiyo lakini hata huinui kichwa. Leteni maoni, ila mtu aseme na sababu.

FundiWaNgara
Hapo kwa kelele umesema poa, wengi huchanganya hizo vitu mbili.

Mlio ni mapigo. Kila silinda inalipua mara moja kwa kila mizunguko miwili ya kranki (ile shafti inazungushwa na pistoni), so ukiwa elfu sita kwa dakika injini ya silinda nne inatoa mapigo 200 kwa sekunde, V8 inatoa 400, V12 inatoa 600. Ndio maana V12 sauti yake iko juu na nne inakoroma chini. Lakini hiyo ni nusu tu ya maneno. Nusu ingine ni hayo mapigo yanakutania wapi ndani ya bomba na yanafika yamepangana aje.

Chukua Subaru, ndio hiyo boksa, silinda zake zimelala pande mbili. Watu husema ule mdundo unatokana na injini kulala. Si hivyo. EJ, hiyo injini yake ya zamani, inalipua 1-3-2-4, na silinda 1 na 3 ziko upande mmoja, 2 na 4 upande ule mwingine, kwa hivyo inapiga kulia mara mbili halafu kushoto mara mbili. Tabo imekaa kulia. Moshi wa kulia unafika haraka, wa kushoto lazima upite chini ya injini kwa bomba refu ndio ufike. Mapigo yalitoka kwa silinda yakiwa na nafasi sawa kabisa, yakifika kwa tabo mengine yamechelewa, yamejikusanya mawili mawili, du-du, du-du. Huo ndio mdundo. Funga heda (yale mabomba ya kwanza yanatoa moshi kwa silinda) za urefu sawa leo, injini ni ile ile, haijaguswa, na mdundo umeenda. Legacy GT ya BP5 ilitoka Japani hivyo tayari, ndio unaona hailii kama Forester SG. Na wale wanaangalia Forester SJ XT wajue hiyo ni injini ingine, FA20, tabo iko chini kwa mbele, mabomba yanalingana. Ni gari nzuri na nimezifungua kadhaa, lakini mlio ule usiutafute hapo.

KayoleMoto
Sasa si urefu sawa ndio unaongeza nguvu? Kwa nini mtu arudi nyuma?

FundiWaNgara
Kweli, tabo inaamka mapema na moshi unatoka vizuri. Subaru walienda huko kwa sababu ya nguvu na mafuta. Lakini jamaa hapa ameuliza mlio, na kwa mlio mimi nachagua SG bila kufikiria.

DadaSita
Mimi ni mtu wa sita ya mstari na nitaitetea hapa mpaka mwisho 😄

Fundi ameeleza vizuri kwa nini Subaru inadunda, sasa angalia BMW inafanya kinyume. Inalipua 1-5-3-6-2-4. Silinda tatu za mbele zina heda yao, tatu za nyuma zina yao, na ukifuata hiyo namba utaona mbele, nyuma, mbele, nyuma, hakuna hata mara moja upande mmoja umepiga mara mbili. Kila digrii 120 pigo moja, na mitikisiko ya pistoni inajifuta yenyewe kwa yenyewe. So hakuna fujo ndani ya sauti, unapanda kutoka elfu mbili mpaka sita na nusu na ni noti moja tu inanyooka. Ukifika kama elfu nne madirisha yakiwa chini unaanza kusikia upande wa hewa unaingia, si wa moshi, na hapo ndipo mimi hupenda zaidi. Watu huongea egzosi tu na nusu ya raha iko mbele kwa filta. Angalia M3 ya E46, ile injini ya S54, kila silinda ina koo yake ya hewa, inafika elfu nane, na juu kabisa inalia kama kitambaa cha kanga kinapasuliwa.

Na kama pesa ya BMW na ya kuitunza inakutisha kuna Toyota Altezza AS200, watu huidharau sababu ni lita mbili, lakini ndani ni 1G-FE, sita ya mstari halisi. Weka sailensa nzuri uone.

Mzito_V8
Hizi zote ni sawa lakini hakuna kitu inakaribia V8 ya Marekani ama ya AMG, wale wa Mercedes za spidi, na mtanisamehe. Sababu iko kwa kranki. Kuna ile ya msalaba, pini zimepinda digrii 90, na hiyo injini yote inalipua kwa nafasi sawa lakini ukisikiza upande mmoja peke yake hazilingani, kuna mahali upande huo unapiga mara mbili mfululizo halafu unanyamaza. Ndio ule mgurumo wa kubingirika. Ferrari wanatumia kranki bapa, kushoto kulia kushoto kulia, sauti inakuwa kali na ya juu, karibu injini mbili za nne zikilia pamoja. Ni silinda nane zote mbili lakini hutawahi kuzichanganya.

C63 ya zamani, W204, ni lita 6.2, haina tabo, farasi 457. Hii mpya ya W206 ni lita mbili silinda nne na mota ya umeme, farasi 680. Mia mbili na kitu juu. Na bado watu wanatafuta ile ya zamani. Hiyo peke yake imejibu swali lako kuhusu nguvu na mlio.

MamaBrayo_SouthB
V8 ni nzuri mpaka uishi ghorofa moja na mwenye nayo. Ya jirani yetu inawashwa saa kumi na moja asubuhi na mtoto anaamka kila siku. Sichukii magari, naendesha Impreza, lakini hiyo ya kuwasha ikiwa baridi si ya kawaida.

FundiWaNgara
Mama Brayo hapo uko sawa kabisa. Injini ikiwa baridi kompyuta inapandisha mzunguko makusudi ndio katalisti, ile ya kusafisha moshi, ipate moto haraka, kwa V8 kubwa hiyo dakika ya kwanza ndio ina kelele kuliko zote. Mwambie akishawasha asikanyage, na asogeze gari karibu na geti badala ya kuiacha ikinguruma chini ya madirisha. Kanuni za kelele za NEMA, watu wa mazingira, zipo tangu 2009, lakini kwa jirani naona kuongea ni bora.

SilindaTano
OP, wewe Mshale mwenye swali, hiyo S3 umeorodhesha ni silinda nne, haina ule mlio wa Audi wenye watu huongea. Unaotaka ni wa RS3, lita 2.5 silinda tano. Inalipua 1-2-4-5-3, pigo kila digrii 144, na ukiangalia hiyo namba utaona pigo linaruka, mara jirani, mara silinda ya mbali. Sikio linapata kitu hakijakaa nne wala sita, kuna kama kuyumba hivi ndani yake, na ukishaizoea zingine zinakuwa flati. V10 nazo zina ukoo huo, ndio maana Lexus LFA ikifika elfu tisa, mapigo 750 kwa sekunde, kuna watu wataapa hakuna gari ya barabara imewahi kulia vizuri kuipita. Toyota walifanya kazi ya huo mlio pamoja na Yamaha, watu wa piano na gitaa, na gari zikatoka 500 pekee. Hiyo hatuwezi pata, lakini RS3 ziko hapa mjini.

Babu_wa_Kijabe
Vijana, huyo wa tano amenikumbusha Safari Rally ya 1987, dereva Mikkola alishinda na Audi 200. Hizo gari tulikuwa tunazijua kabla hazijaonekana. Umesimama kwa kona, vumbi hujaona, na tayari unaambia mwenzako hiyo ni Audi, hiyo ni Lancia. Halafu 1997 McRae akaja na Impreza, ule mdundo mnaongea hapa ukasikika bondeni mzima. Siku hizi naenda Naivasha bado, gari za Rally1, lile daraja la juu, ni lita 1.6 za silinda nne na tabo, zinakimbia kuliko zote nimewahi kuona, ile mipasuko ya moto wakitoa mguu inafurahisha watoto. Lakini zikija kwa mbali lazima ningoje nione rangi ndio nijue ni Toyota ama ni Hyundai. Kwangu mimi mlio mzuri ni ule unatambulisha gari.

MshaleMwekundu
Asante mzee, hiyo imeniingia. Fundi, na hii mambo ya kukata sailensa Kirinyaga Road, inasaidia ama ni kuharibu?

FundiWaNgara
Inategemea nani anakata na anakata nini. Wengi wanatoa kila kitu, anaweka bomba moja nyoofu na mdomo mkubwa nyuma, wiki ya kwanza mwenye gari anafurahi. Halafu anaenda Nakuru. Ukikaa elfu mbili na mia nne kwa barabara refu, silinda nne zinatoa mapigo 80 kwa sekunde, sauti nzito ya chini, na ikipatana na ukubwa wa kabini yote inaanza kuvuma, kichwa kinauma ukifika Limuru. Dawa yake welda mzuri anaijua: unashikisha bomba la pembeni kwa lile kubwa, limezibwa mwisho, urefu umepimwa kulingana na huo mvumo mmoja unataka kuua. Sauti inaingia hapo, inagonga mwisho, inarudi ikiwa kinyume, inajifuta. Zile zingine zote zinabaki. Hiyo ni kazi ya akili na wanaifanya hapa hapa jua kali.

Kile nakataa ni ile tyuni ya kupasua pasua, mafuta yanawaka ndani ya egzosi, katalisti inakufa, na kwa gari ya tabo unachoma mpaka valvu.

KayoleMoto
Afadhali hiyo kuliko mlio wa spika. Kuna M5 ya F10, V8 mzima, na bado wanakuchezea sauti ya injini kwa redio.

DadaSita
Hapo na mimi nakubali. Sauti itoke kwa chuma.

Na OP, ongeza hii kwa hesabu yako: tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, gari bila tabo inapoteza nguvu kiasi hapa, ya tabo inajisaidia. 330i itakuwa nyuma ya Forester kwa mlima. Lakini tabo imekaa katikati ya njia ya moshi, inakula makali ya mapigo, so kwa usafi wa sauti 330i iko mbele.

MshaleMwekundu
S3 nimeitoa. Forester naiona kesho kutwa Ngong Road, E46 Jumamosi. Niangalie nini?

FundiWaNgara
Forester, chungulia heda zenyewe kama bado ni za kiwanda, tochi na kioo kidogo zinatosha. Iwashe ikiwa baridi kabisa, ukisikia mlio wa tik-tik unaopotea ikipata moto kuna mpasuko kwa heda ama gasketi, hiyo si mdundo.

DadaSita
E46, tangi la maji ni plastiki na hupasuka, angalia kama limebadilishwa na muulize lini. Kaa ndani na mwenyewe, mshushe madirisha, panda elfu tatu mpaka elfu sita kwa gia ya pili. Ikipanda na noti moja bila kukwaruza, lipa.

SilindaTano
Na ukipata mwenye RS3 anauza, mnitumie mimi namba.