Mrejesho: Mstafeli uliopukutisha maua

Wakuu, ni mimi niliyeuliza kwa nini mstafeli wangu hapa Goba unachanua halafu maua yote yanadondoka. Jirani alitaka niukate, eti ni dume. Kumbe hakuna mstafeli dume! Ua lilelile huanza kuwa jike, baadaye ndipo linamwaga chavua, na wale mbawakawa wa kuchavusha kwangu siwaoni. Nikafuata ushauri wenu: brashi ndogo ya rangi, chavua ya ua lililokomaa, napaka kwenye lile linaloanza kufunguka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini. Kati ya maua 12, matano yameshika, moja limefikia ukubwa wa ngumi. Jana nimehamia kwenye mtopetope. Juisi bado, msije kwanza.