Alama ya kidole imemfikisha mdogo wangu mahakamani: je, mtaalamu anaweza kukosea?

Mwenye uzi: Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Mdogo wangu, fundi wa madirisha ya alumini, ameshtakiwa kwa kuvunja duka usiku na kuiba. Ushahidi tuliousikia hadi sasa ni alama moja ya kidole kwenye kioo, ambayo mtaalamu anasema ni yake. Wazee wameanza kumshauri akiri kosa, kwa kuwa kidole hakisemi uongo. Je, ni kweli?

Mzee wa Dodoso: Pole sana, ndugu. Kidole hakina mdomo. Anayesema ni mtaalamu. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni mjini Madrid, Hispania, FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilidai kwamba alama iliyokutwa kwenye mfuko wa viwashio vya baruti ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon. Kompyuta ilikuwa imetoa orodha ya watu 20 wa kulinganishwa, yeye akiwa wa nne. Wachunguzi watatu wa FBI walikubaliana, na hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama akaafiki, ilhali polisi wa Hispania walikuwa wameshasema alama hizo hazilingani. Mayfield alikaa kizuizini takriban wiki mbili, hadi Wahispania walipomtambua mtu mwingine, raia wa Algeria. Serikali iliomba radhi, na mwaka 2006 ikakubali kumlipa dola milioni 2. Baadaye ilibainika kwamba wahakiki, yaani wachunguzi waliokagua jibu la mwenzao wa kwanza, walilijua jibu hilo kabla ya kuanza, na kwamba baadhi ya mistari "ilionekana" kwenye alama hafifu baada ya wachunguzi kutazama kwanza alama za vidole vya Mayfield. Wakili wenu aulize hayo hayo: alama ni kamili au kipande, na aliyehakiki alikuwa ameambiwa nini?

Mama Salma: Nakubali, ila tusimpe matumaini ya Madrid. Alama iliyo wazi kwa kawaida hulinganishwa sawasawa, na kumbana mtaalamu bila hoja humchosha hakimu. Mimi naanzia kwingine: alama haina tarehe. Je, huyo kijana, kwa kazi yake, hajawahi kushika kioo hicho?

Mwenye uzi: Nimetoka kumwona mahabusu. Anasema alibadilisha kioo dukani hapo miezi miwili kabla ya tukio, na bosi wake ana kitabu cha stakabadhi.

Mama Salma: Kitafuteni leo, kabla hakijapotea. Wakili naye athibitishe kwamba kioo kilichopimwa ni kilekile, na alama ilikuwa upande gani.