Blade Runner ilibuma au haikubuma? Tumalize hili leo

Mkanda_Mrefu
Wakuu habari za jioni. Jana kijiweni tumebishana mpaka kahawa imepoa. Mimi nasema Blade Runner, ile ya 1982 ya Ridley Scott, stelingi Harrison Ford anawinda maroboti yanayofanana na watu, sio filamu iliyobuma. Jamaa yangu anasema ilibuma tena vibaya, iligharimu kama dola milioni 28 na kule Marekani ikaingiza kama 27, habari imeishia hapo. Namwambia hesabu ya filamu haifungwi siku inatolewa sinema, kuna kaseti, kuna DVD, hii kitu imerudishwa upya 1992 ikarudishwa tena 2007 na watu bado wananunua. Sasa filamu iliyofia mlangoni ikafufukia kwenye kaseti tuihesabu wapi? Tujadili kwa hoja, matusi hapana.

Ngwenje_Kwanza
Ilibuma. Tatizo lenu mnaona 27 na 28 mnadhani walipungukiwa milioni moja tu. Mwenye ukumbi anabaki na karibu nusu ya hela ya tiketi, kwa hiyo studio labda ilishika 13 au 14 hivi, na hapo hujatoa matangazo wala gharama ya kuchapa nakala za kusambaza. Bajeti yenyewe ilizidi mpaka wale waliowekea dhamana ya kumalizia picha, Yorkin na Perenchio, wakaingia kushika usukani. Kibiashara ile ni maiti. Kufufuka baada ya miaka 10 ni sawa na mtu uliyemkopesha ujanani anakuja kukulipa umeshazeeka, hela ileile lakini sasa haikununulii hata kiatu.

BintiTanga
Ngwenje hesabu zako sawa ila umeruka walitoka wiki gani. Tarehe 25 Juni 1982. E.T., ile filamu ya Spielberg ya kijitu kutoka sayari nyingine, alikuwa ameshaingia tarehe 11 mwezi huohuo, watu wako kwenye foleni na watoto wao wanalia kwa furaha. Siku hiyohiyo ya 25 ikatoka The Thing ya John Carpenter, nayo ikala za uso vilevile. Blade Runner wikiendi ya kwanza ikapata milioni 6 na ushee ikawa ya pili, wa kwanza nani? E.T. Hata Oscar ya madoido ya picha walipoteuliwa aliyeibeba ni yuleyule E.T. Kile kijitu kilikuwa na roho mbaya.

Halafu kilichoimalizia ni ile sauti ya Ford anasimulia mwanzo mwisho. Waliionyesha kwa majaribio Denver na Dallas watu wakatoka hawajaelewa, studio ikaogopa ikaweka maelezo. Na filamu ukishaiwekea mtu wa kukuelezea unachokiona kwa macho yako, hiyo imekuwa ya watu wasiojua kusoma picha.

kinyozi254
Wacha wacha wacha. BintiTanga hebu rudia hiyo ya mwisho. Watu wasiojua kusoma picha? Mimi nimelelewa na DJ Afro, kwa video show ya mtaa, unalipa ashu unakaa kwa benchi na unasahau njaa. Yeye anaongea mwanzo mwisho na hakuna mtu aliwahi toka hapo akisema filamu imeharibika, ukweli ni kwamba bila yeye nusu ya hizo filamu ni takataka. Sasa kwa vile mimi nilielezewa mimi ni mjinga ama?

BintiTanga
Sijakutaja wewe wala DJ Afro. Nimeongelea Blade Runner.

kinyozi254
Umesema "filamu ukishaiwekea mtu wa kukuelezea". DJ Afro ni nani kama si mtu wa kukuelezea? Ama yeye ni ng'ombe?

pilipili_kichaa
Hahaaa nimetoa maandazi nimekaa. Lakini jamani si wanasema Ford alisoma yale maelezo vibaya makusudi ili studio iyatupe?

BintiTanga
Ford mwenyewe alishakana. Alisema hakuyapenda hata kidogo ila alisoma kadiri alivyoweza. Ukisikiliza utaamini vyote viwili, sauti kama ya mtu anasoma risiti ya umeme.

MzeeWaKaseti
Vijana shikamooni mnazitaka lakini heshima hamna. Nawasomea tu. Mimi nilikuwa na maktaba ya kaseti Dar kuanzia 86, deki mbili na rafu moja ya mbao. Watoto wa siku hizi hamjui kuwa bara hapakuwa na kituo cha televisheni mpaka 1994, Zanzibar ndio walikuwa na ya rangi toka miaka ya 70, sisi huku tv ilikuwa sanduku la kuchomekea deki. Kwa hiyo hayo mambo ya "boksi ofisi", hela za tiketi za sinema, ni ya kwao. Hapa filamu ilianza kuishi kwenye kaseti, hakuna aliyejua wala kujali kama ilibuma Los Angeles. Blade Runner nilikuwa nayo na haikukaa rafuni, ingawa wengi waliirudisha wakilalamika eti mbona mvua tu na karate hamna.

Na wewe binti, Lufufu alipoanza kutafsiri hizi filamu kwa Kiswahili watu wazima walikaa mpaka mwisho kwa mara ya kwanza. Kabla yake walikuwa wanaondoka mapigano yakiisha. Usidharau.

BintiTanga
Shikamoo mzee. Sijamdharau Lufufu. Kuna tofauti ya kukutafsiria lugha usiyoijua na kukueleza kwa lugha yako kile unachokiona. Mmarekani anajua Kiingereza. Ford anaingia baa, sauti inasema nimeingia baa. Ndio nilichosema na nitakirudia.

kinyozi254
DJ Afro pia anasema "sasa ameingia hapa" na tunaona ameingia. Hiyo ndio utamu manze. Haelezi, anachangamsha. Adui anapewa jina la mtaa, stelingi anapewa mama mkwe, filamu inahama inakuwa yenu. Tofauti ni Ford hakuwa na ladha. Ungempa DJ Afro hiyo Blade Runner 1982 hao Wamarekani wangejaza hizo sinema mpaka leo E.T. hakuna mtu angemkumbuka.

pilipili_kichaa
"Huyu jamaa anaitwa Roy Batty, ni roboti, amebakisha siku chache na hana hata NHIF"

kinyozi254
🤣🤣 umeona sasa

Ngwenje_Kwanza
Mada ilikuwa hela. Narudi kwenye hela. Mnazungumza kama vile kaseti ilimtajirisha mwenye filamu. Miaka ya 80 mwanzoni kule Marekani kaseti moja ya filamu mpya iliweza kuuzwa mpaka dola 80, sababu mnunuzi hakuwa mtu wa nyumbani, alikuwa mwenye maktaba ya video. Akishanunua hiyo moja anaikodisha mara mia tano na studio haioni hata senti ya ziada, sheria yao ilimruhusu, nakala ukishainunua ni yako ukodishe utakavyo. Kwa hiyo hata tukisema mashabiki waliipenda Blade Runner kwenye kaseti, ule upendo uliingia mfukoni mwa mwenye maktaba. Ndio maana nasema kufufuka na kurudisha hela ni vitu viwili.

Mnataka mfano wa kaseti iliyoleta hela? Huyohuyo E.T. Spielberg aliibania miaka 6, hakutoa kaseti mpaka 1988, alipotoa bei ikawa chini ya dola 25 ili mama wa nyumbani anunue mwenyewe, zikauzwa zaidi ya milioni 15. Hiyo ndio home video. Sio Blade Runner kukodishwa na wanafunzi wanne wavuta sigara.

MzeeWaKaseti
Kwa hiyo wenye maktaba tulikuwa kupe.

Ngwenje_Kwanza
Mzee nimesema Marekani.

MzeeWaKaseti
Umesema "mwenye maktaba". Ngoja nikueleze kazi ya mwenye maktaba maana wewe umezaliwa unabonyeza simu. Mteja anarudisha mkanda hajaurudisha mwanzo. Mwingine deki yake imeula, anakuletea umejikunja kama utumbo wa kuku. Unafungua ganda kwa bisibisi ndogo, skrubu 5, ukizipoteza shauri yako, unakata kipande kilichoharibika kwa wembe mpya, unaunga kwa selotepu nyembamba kwa nyuma upande usiogusa kichwa cha deki, unazungusha kwa kidole taratibu. Pale paliporukwa mteja anayefuata anakuja kukutukana kwamba umemuibia dakika. Halafu vichwa vya deki unavisafisha kwa spiriti. Hiyo hela ya mia tano ulitaka aichukue nani, Ridley Scott? Yeye aliwahi kuzungusha mkanda kwa kidole?

Mkanda_Mrefu
Mzee hapo umenena 👏 lakini wakuu turudi kwenye mada. Ngwenje umezungumzia 1988 lakini umeruka 1990 mpaka 92 ambako ndiko hoja yangu ilipo. Sinema ya Fairfax kule Los Angeles 1990 iliomba nakala ya Blade Runner ya milimita 70, wakaletewa bila mtu kujua nakala ya majaribio ambayo sauti ya Ford karibu yote haimo. Watu wakaona filamu nyingine kabisa. Mwaka uliofuata wakaionyesha NuArt hukohuko LA na Castro kule San Francisco, kumbi zikajaa. Studio ikaona hapa kuna hela, 1992 wakatoa toleo la mkurugenzi, "director's cut", bila maelezo na bila ule mwisho wa kuendesha gari milimani. 1997 hilo toleo likawa kati ya DVD za mwanzo kabisa kutoka, na 2007 wakatoa ya mwisho kabisa, boksi lenye matoleo matano. Mtu ananunua filamu moja mara tano! Filamu gani iliyobuma inafanya hivyo?

Ngwenje_Kwanza
Sasa umejibu swali lingine. Uliuliza ilibuma au haikubuma, sasa unauliza studio iliweza kuuza maiti mara ngapi. Mara tano, nakubali. Na hesabu ya faida ya hizo DVD unayo? Huna. Ya tiketi tunayo.

BintiTanga
Nashukuru Mkanda_Mrefu kwa kunithibitishia. Walitoa maelezo, filamu ikapona.

kinyozi254
Ni hivi BintiTanga. Nilikuwa nimeacha lakini umerudi. Mimi niliona ile ya maelezo kwanza kwa DVD ya kuchoma, halafu nikaona ile ya 2007. Ile ya 2007 nililala. Naapa. Ile ya maelezo angalau nilijua jamaa anafikiria nini. Hao watu wa NuArt walikuwa wameshaiona na maelezo karibu miaka kumi, story wanaijua kwa kichwa, ndio wakaweza kufurahia bila. Mtoe mtu kwa matatu umuweke hapo bila maelezo utaona.

BintiTanga
Hapo... umesema kitu. Kwamba kaseti yenye maelezo ndiyo iliwafundisha filamu. Sikubali yote ila umesema kitu. Ungeanza na hilo badala ya ng'ombe.

kinyozi254
Ungeanza bila matusi.

pilipili_kichaa
Oaneni tujue moja.

Na ile ya pili, Blade Runner 2049 ya 2017? Hiyo nayo dunia nzima ilipata kama milioni 260, bajeti haikupungua 150, wakasema nayo imebuma. Hii familia imelogwa.

Ngwenje_Kwanza
Asante pilipili. Kama kaseti na DVD zingekuwa zimejenga soko kweli, 2017 watu wangeenda sinema. Mashabiki wa Blade Runner ni wachache wenye kelele nyingi. Kama nyie hapa.

Mkanda_Mrefu
Lakini mzee, kile kitu ulichosema juu kuhusu kaseti yako. Ilikuwa na ule mwisho wa milimani? Kuna mtu kijiweni ameapa kwamba ule mwisho ni picha walizomuomba Kubrick, alizobakiza alipotengeneza The Shining.

BintiTanga
Ni kweli, Kubrick alimpa Scott mabaki ya picha za helikopta. Ndio yale milima na msitu. Filamu nzima mji mchafu mvua hainyamazi halafu ghafla wako kwenye kalenda.

MzeeWaKaseti
Sikumbuki mwisho wake. Ninayo bado. Kaseti zote ziliuzwa kwa kilo lakini hiyo na nyingine kama sita ziko juu ya kabati. Deki ipo, belti ndio imelegea. Ngojeni kesho.

pilipili_kichaa
Mzee tunakesha.

MzeeWaKaseti
Haya. Belti nimetoa kwenye redio ya mjukuu, imekubali. Nimetazama na bi mkubwa toka saa nne. Maelezo yapo, Ford anasoma kama alivyosema binti, risiti ya umeme. Bi mkubwa amecheka ile baa. Tumefika pale juu ya paa, mvua, yule mweupe wa nywele nyeupe ametoboa kiganja kwa msumari, amemvuta Ford asianguke, ameshika njiwa, amekaa chini, anataka kusema.

Ikakatika. Ikaingia harusi.

Nimeikagua, kile kitobo cha pembeni kinachozuia mtu asirekodi juu yake wamekiziba kwa selotepu. Ni shemeji yangu, 1996, mpiga video alikuwa ameishiwa kanda akapewa yangu. Kwa hiyo kama kuna milima sijui. Baada ya njiwa ni shangazi yake mke wangu anatuza, amevaa kijani, ana noti za mia mia mkononi kama karata.

BintiTanga
😭😭😭

kinyozi254
Hiyo ndio director's cut. Hakuna maelezo hapo.

Ngwenje_Kwanza
Noti za mia 96? Huyo shangazi alikuwa bahili.

MzeeWaKaseti
Shangazi alikuwa mkarimu sana na ni marehemu. Chunga mdomo.

Ngwenje_Kwanza
Samahani mzee. Apumzike.

pilipili_kichaa
Mzee hapo kwenye harusi wanapiga taarabu ya kundi gani? Kama kuna kinanda kiweke kipande tusikie