Uwindaji wa fezanti "kwa ajili ya watoto" hapa South Dakota: pesa yetu imeishia wapi?

Wakuu, salaam. Hasira niliyo nayo hainipi nafasi ya kuandika kwa upole, mnivumilie. Ndugu zangu mlioko Sioux Falls, Omaha na Des Moines, someni yote kabla hamjatoa hata senti kwa sababu ya bango lenye picha ya mtoto mgonjwa.

Kwa mlio nyumbani, fezanti ni ndege wa jamii ya kwale na kuku. Dume ana kichwa cha kijani, uso mwekundu, pete nyeupe shingoni na mkia mrefu. Asili yake ni Asia, Wamarekani walimleta tu, lakini South Dakota wamempenda hadi wakamfanya ndege wa jimbo mwaka 1943. Msimu wake unafunguliwa Jumamosi ya tatu ya Oktoba na kufungwa 31 Januari. Unaruhusiwa majogoo watatu kwa siku, majike hawaguswi. Oktoba na Novemba nyumba za wageni wawindaji zinajaa watu kutoka kila pembe ya nchi. Ikifika Januari, theluji imelala, upepo unakata masikio, na vitanda viko vitupu. Shikeni hapo penye vitanda vitupu, nitaparudia.

Bango lilitujia mwanzoni mwa Januari. Siku moja ya kuwinda na mwongozaji na mbwa wake, chakula cha mchana, kisha chakula cha jioni chenye mnada. Dola 650 kwa kichwa. Na chini, kwa herufi nene: kila dola inakwenda kwa watoto wenye saratani. Sisi tuna kikundi chetu hapa, Watanzania, Wakenya na ndugu wa Kongo, na wachache kati yetu tuna leseni na bunduki zetu kihalali. Wengine hawawindi kabisa, lakini waliposikia ni watoto wakachanga. Kuna mama mmoja wa kikundi, anafanya zamu ya usiku kiwandani, alitoa mchango wake mkononi mwangu akasema, "Mwanangu, wafikishie hao watoto." Sijui nimjibu nini.

Kuhusu uwindaji wenyewe nitasema kwa ufupi. Fezanti wa mwituni aliyefika Januari amenusurika miezi mitatu ya risasi. Anajificha ndani kabisa ya matete yaliyogandishwa na barafu, anakimbia kwa miguu badala ya kuruka, na akisikia mlango wa gari umebamizwa anaondoka ukiwa hujapakia bunduki. Ndiyo maana watu hujipanga, kundi moja linatembea kusukuma na jingine linaziba upande wa pili. Ndiyo raha ya mwisho wa msimu, na ndivyo bango lilivyoahidi: "ndege wa mwituni, wagumu, wa mwisho wa msimu." Tulichokuta ni ndege wanaosimama kwenye mistari ya mtama wanatutazama. Mbwa alimkamata mmoja mdomoni akiwa mzima. Tulipowaokota, mikia imekatikakatika, na kwenye pua kuna matundu ya vile vikinga macho wanavyofungwa bandani ili wasidonoane. Hao wamefugwa wakaachiwa asubuhi ile. Kuwaachia ndege wa kufugwa si kosa, yapo mashamba yenye kibali cha kufanya hivyo, na mtu akiniambia mapema nachagua mwenyewe. Hawa waliniambia kitu kingine.

Hayo ya ndege ningeyameza. Sikilizeni ya jioni.

Baada ya chakula walimsimamisha mtoto mbele ya ukumbi. Wa miaka minane au tisa hivi, kofia ya sufu kichwani kwa sababu nywele zimeisha kwa dawa. Wakampa kipaza sauti aeleze ugonjwa wake mbele ya watu wazima wenye glasi za whisky. Mama yake alikuwa pembeni anatazama sakafu. Mtoto alikwama katikati ya sentensi, akanyamaza, na yule mwendesha mnada akadakia hapo hapo: "Nani anaanza na dola 500?" Watu wakainua mikono, bei ikapanda, mtoto bado amesimama pale hajui ashuke au abaki. Mzee mmoja wa meza yetu aliinuka akampelekea kiti. Waandaaji hawakuwa hata na kiti cha kumkalisha! Kwetu mtoto mgonjwa hufichwa macho ya watu, hutandikiwa, huombewa. Hawa walimfanya chombo cha kupandishia bei ya bunduki na wikiendi za uvuvi.

Sasa risiti. Imetoka kwa kampuni ya ranchi tulikowinda, si kwa shirika la watoto ambalo jina lake lilikuwa kwenye bango. Imeandikwa "huduma ya uwindaji". Neno mchango halimo popote. Nikaandika barua pepe kuuliza shirika limepata kiasi gani. Jibu: "sehemu ya mapato itakabidhiwa." Kila dola imekuwa sehemu! Nikauliza sehemu ipi, kimya. Na walipotusafishia ndege walitutoza pembeni, kila ndege na bei yake.

Nikapiga simu kwenye ofisi ya shirika lenyewe. Dada aliyepokea alikuwa muungwana, hakuzungusha maneno. Alisema makubaliano yao na ranchi ni kiasi kimoja kilichopangwa tangu kabla ya siku ile. Nikamuuliza mara mbili ili nisimsikie vibaya. Yaani tungekuja watu kumi au watu mia, watoto wangepata kile kile. Kwa hiyo dola 650 yangu haikuongeza kitu kwa mtoto yeyote. Mchango wa yule mama wa zamu ya usiku haukuongeza kitu. Ulijaza kitanda cha ranchi mwezi ambao hakuna mgeni. Hicho kiasi alikataa kukitaja, akasema hana ruhusa.

Sheria ya hapa inajulikana. Shirika la hisani likipokea kwako zaidi ya dola 75 nawe ukapewa huduma, linapaswa kukuandikia thamani ya ulichopewa, ili ujue kinachobaki ni mchango. Taarifa yao ya mwaka kwa IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, ile fomu 990, mtu yeyote akiiomba wanatakiwa kumpa nakala. Nimeiomba ya mwaka uliopita. Na jina la shirika lolote unaweza kulitafuta bure kwenye tovuti ya IRS uone kama limesajiliwa. Hili limesajiliwa, silishutumu kwa wizi. Lakini limekubali jina lake na sura ya mtoto wake vitumike kwenye bango lenye maneno yasiyo ya kweli, na hilo nalo ni lao kulijibu.

Kuna watakaosema niache, angalau watoto wamepata kitu. Hapana. Aliyetaka kuuza siku ya kuwinda aiuze kwa bei yake na aseme ni biashara, wapo watakaonunua. Lakini usichukue pesa ya mtu aliyekesha kiwandani kwa kumwonyesha mtoto mwenye saratani, halafu ukamjibu "sehemu".

Malalamiko nayapeleka ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo, kitengo cha kulinda walaji. Nina risiti, nina barua pepe zao. Bango walishalifuta kwenye ukurasa wao siku niliyoanza kuuliza. Aliyelihifadhi kwenye simu alete picha hapa, au anitumie inbox. Na kama kuna aliyewahi kulipia uwindaji wa namna hii akaandikiwa risiti ya shirika lenyewe yenye thamani ya huduma na kiasi cha mchango, naomba aiweke, afute jina lake. Nataka kuiambatanisha na barua yangu.