Mliowahi kuishi Iran tupeane uzoefu: mambo yalipochafuka ulikuwa wapi?

Mwana wa Chumbageni (mleta mada)
Wadau habari za saa hizi. Kila Iran ikitajwa ni makombora na nyuklia, kila mtu kijiweni anageuka jenerali. Sisi tuliokaa kule tunajua kingine, kwamba nchi inaweza kuwa inawaka na wewe asubuhi bado upo kwenye foleni ya mkate. Naomba uzi huu uwe wa hayo tu, mambo ya nani mbaya nani mzuri kuna nyuzi zake.

Naanza mimi. Novemba 2019 nilikuwa Tehran nasoma. Usiku wa kuamkia Ijumaa tarehe 15 petroli ikapanda ghafla, lita ilikuwa tumani (hela ya kule) 1,000 ikawa 1,500, tena hiyo ni kwa lita 60 za kwanza za mwezi, ukizidisha unalipa 3,000. Sisi wageni tukacheka, mbona bado bei ya maji. Jirani yangu ana Pride, kale kagari ka kule ambako kila mtu anako, anabeba abiria wa Snapp, zile teksi za kuita kwa simu, yeye hakucheka. Kesho yake theluji inaanguka watu wakasimamisha magari katikati ya barabara wakazima injini wakakaa, kugomea ile bei, mimi natembea kwa miguu katikati ya magari naona mama mmoja anawamenyea watoto machungwa kiti cha nyuma kama wako pikiniki.

Halafu intaneti ikakatwa, nchi nzima, karibu wiki. Cha ajabu vitu vya ndani vinafanya kazi, unaita teksi kwa simu inakuja, kadi ya benki inalipa dukani, ila WhatsApp kimya. Nimehangaika mpaka kupata kadi ya kupiga nje, napiga Tanga mama anapokea kwa hasira, "kumbe upo, mbona umenibloku?" Siku tano nzima anajua nimembloku. Milio ya risasi tuliisikia kwa mbali usiku, ila ukubwa wake tumekuja kuujua mtandao uliporudi, Amnesty, lile shirika la haki za binadamu, walihesabu waandamanaji waliouawa wasiopungua 304. Yule jirani hatukuwahi kuliongelea, tulikuwa tunasalimiana tu kwenye ngazi.

Baba Swaumu
Hahaha mkuu umenikumbusha. Mimi wa zamani kidogo, Juni 2009, ule uchaguzi wa rais, Ahmadinejad na mpinzani wake Mousavi. Meseji za simu zilikuwa zimezimwa. Matokeo yametoka, usiku kama saa nne nasikia watu juu ya mapaa "Allahu Akbar! Allahu Akbar!" mtaa mzima, jengo hili linajibiwa na lile. Mimi mtoto wa Unguja nikajua ni takbira, nikamuuliza mwenzangu kwani kesho Idi? Tena nikatoka kibarazani nikaitikia kwa sauti!! Mwenzangu akanivuta shati mpaka ndani. Kumbe ndio maandamano yenyewe ya kupinga matokeo, walifanya vile vile kumng'oa mfalme wao Shah mwaka 78 kuingia 79, sasa nani atakukamata kwa kusema Mungu ni mkubwa. Wiki kadhaa kila usiku. Mpaka leo takbira za Idi zikianza mwili unanisisimka.

Kaka Rehani
Nyie mnaongelea risasi, mimi aliyenimaliza ni dola. Kule kupanga nyumba kuna kitu kinaitwa rahn, ni neno letu hili hili rehani, unamwekea mwenye nyumba hela nyingi mwanzo, ukihama anakurudishia yote, na ukiweka nyingi kodi ya mwezi inashuka. Mwanzoni mwa 2018 nina dola 3,000 za jasho, kadi za nje hazifanyi kazi kule kwa ajili ya vikwazo kwa hiyo unatembea na hela taslimu kama muuza ng'ombe, nikaenda maduka ya kubadilisha hela pale mtaa wa Ferdowsi nikapata kama tumani milioni 13, nikampa mzee mwenye nyumba, tukaandikishana, nikajiona mjanja, kodi ndogo.

Mei Trump akajitoa kwenye ule mkataba wa nyuklia. Dola iliyokuwa tumani elfu nne na kitu ikawa inakimbia, Septemba imefika karibu 19,000. Muuza friji anakwambia sikuuzii leo, njoo kesho nijue bei. Watu wanaamka wanauliza dola kabla ya kunawa uso. Mwaka ukaisha, mzee akanirudishia milioni 13 zangu zote, hakupunguza hata moja, tena akaniongezea na boksi la sohan, tamtam yao ya kutoka mji wa Qom. Nikapiga hesabu, ni kama dola 1,200. Umdai nani sasa? Na yeye mwenyewe pensheni yake imebaki ile ile, alikuwa ameshaacha kununua nyama. Ile sohan niliila kwa uchungu aisee, ingawa ni tamu.

Muuza Mitumba
Kaka Rehani sina mbavu 😂😂 sohan ya dola 1,800

Bint Kibokoni
Mimi wa Mombasa. 2022 nilikuwa bweni la wasichana. Mahsa Amini alipofariki Septemba 16 baada ya kushikwa na askari wa maadili kwa ajili ya hijabu, siku chache tu Instagram na WhatsApp zikafungwa, kila mtu simuni ana VPN tatu nne za kukwepa kufungiwa, hii ikigoma unajaribu ile. Usiku wasichana madirishani taa zimezimwa, "Zan, zendegi, azadi", mwanamke, maisha, uhuru. Mwenzangu wa chumba alikata nywele zake bafuni, mimi ndio niliyefagia.

Sasa mimi buibui yangu nimeizoea tangu utotoni, sikuitoa. Ndani ya metro behewa la wanawake wengine vichwa wazi, mimi nimejifunga vizuri, naona macho yananiangalia kama mimi ndio nimetumwa. Siku moja dada mmoja akaniuliza usoni kabisa, "wewe nani amekulazimisha?" Nikamwambia hakuna, kwetu ni hivi. Akafikiria, akasema "basi una bahati", akanisogezea nafasi nikae. Hatukuongea tena mpaka kituo cha Tajrish.

Dereva wa Zamani
Sijawahi kuishi ila Juni 2025, ile vita ya siku 12 na Israel, nilikuwa nampigia rafiki yangu wa Tehran tuliyefanya naye kazi Dubai. Simu inapokelewa na sauti ya roboti ya kike inaongea Kiingereza haieleweki. Nilikata haraka nikajua nimedukuliwa. Jamaa alikuwa njiani na familia kwenda kaskazini upande wa bahari, foleni haiendi, wamelala garini.

Mwana wa Chumbageni (mleta mada)
Hiyo roboti wengi waliisikia mkuu, haukuwa peke yako. Mimi wakati ule nilishindwa kabisa kuwapata. Jirani wa Pride nimekuja kumpata baadaye, nikiwa nimejipanga na maneno ya pole niliyoanza kuyasahau Kifarsi chake. Amepokea, salamu zile ndefu za kwao, mama hajambo, baba hajambo, halafu kabla sijaanza pole yangu akaniuliza, "enhe, dola huko kwenu shilingi ngapi?"