Darasa la dini mwaloni: tubadilishe nini?

Kirumba_Mwaloni: Wakuu, hapa mwaloni, wavuvi wanaposhusha samaki ufukweni mwa ziwa, vijana wavuvi wanakimbia darasa la dini. Tunafundisha vilevile walivyofundisha wazee. Kipi kibadilike bila kuharibu imani?

Igombe: Anza na ratiba, mkuu. Wavuvi wa dagaa hutoka usiku wa giza, hupumzika mbalamwezi ikikolea. Darasa la asubuhi siku za giza linawakuta hawajalala, dagaa bado wako kwenye vichanja. Liweke juma la mbalamwezi, dakika 30, somo moja. Luka 5 inawagusa mno: kukesha na nyavu, ndoo tupu.

Ustadh_Ilemela: Tenganisheni nguzo na namna. Swala tano ni tano. Ila mwanachuoni wa Kiislamu Ibn Qayyim, aliyefariki 1350, alieleza kuwa fatwa, yaani jibu la mwanachuoni kwa swali la sheria ya dini, hubadilika kwa zama, mahali na desturi. Kijana anauliza riba ya mkopo wa simu, anajibiwa zaka ya ngamia. Lazima aondoke! Kusanyeni maswali yao kwanza.

Mama_Nyakato: Na lugha. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki wa 1962–1965, ulifungua mlango wa misa kwa lugha za watu, imani kuhusu ekaristi haikuguswa. Lakini msifute kukariri, jamani. Ziwa likichafuka usiku, hakuna wa kufungua kitabu mtumbwini.